Kwa Nini Gemu za Kupigana Hukataa Ligi

Kila nikiongea kuhusu Tekken, kuna msee lazima aulize: kama hii gemu ni kali hivyo, mbona haina ligi ya maana kama mpira? Timu kadhaa, ratiba, jedwali, wachezaji wa mshahara, mechi kila wikendi. Swali ni zuri. Jibu ambalo watu hukimbilia, eti gemu za kupigana ni za vijana wa mtaa na hazina heshima ya kutosha, si kweli. Ligi ilishajaribiwa kitambo. Ilikuwa na pesa, ilikuwa kwenye runinga, na nina hakika wengi wenu hamjawahi kuisikia.

Lakini tuanze nyuma kidogo. Street Fighter II ilitoka 1991 kwenye mashine za kutumbukiza sarafu. Sheria yake ilikuwa moja: aliyeshinda anabaki, aliyepigwa anapisha, anayefuata anaweka sarafu yake na kusimama hapo. Hakuna aliyekuuliza unatoka timu gani. Sisi huku tunaijua hiyo sheria bila kufundishwa. Ukiingia kwa pleisteshen yoyote ya mtaani, ukilipa na zamu yako ikifika, unakaa kando ya yule mtu anayeogopwa na kila mtu na mnapigana. Akikutandika, unatoa padi.

Mwaka 1996 wachezaji 40 walikutana kwenye ukumbi wa michezo pale Sunnyvale, California, kwa shindano walilolipa jina Battle by the Bay. Shindano hilo likakua, na mwaka 2002 likabadilishwa jina likaitwa Evolution, ama Evo kwa kifupi. Wazo lake halikubadilika: lipa ada ya kuingia, andika jina, cheza. Ukipoteza mara mbili, umeenda nyumbani, hata kama wewe ni bingwa wa mwaka jana. Kipande cha video maarufu zaidi katika historia ya gemu hizi kilitoka hapo, Evo 2004. Daigo Umehara wa Japani alikuwa amebakisha uhai kiasi cha uzi tu, Justin Wong wa Marekani akamrushia mfululizo wa mateke ya Chun-Li, na Daigo akazuia mapigo yote 15, moja baada ya lingine, kisha akamaliza mechi. Ukumbi ukalipuka. Kitu ambacho watu husahau ni kwamba Daigo hakushinda shindano hilo. Fainali alipigwa na Mjapani mwenzake. Mchujo wa wazi hauna huruma na nyota, na hapo ndipo wenye runinga walianza kukuna vichwa, kwa sababu runinga inaishi kwa nyota.

Sasa ile ligi. Mwaka 2007 kampuni ya runinga ya Marekani, DirecTV, ikishirikiana na BSkyB ya Uingereza na STAR ya Asia, ilizindua Championship Gaming Series. Hawa jamaa hawakuwa na mzaha. Walianzisha timu zenye majina ya miji, wachezaji wakachaguliwa hadharani mmoja mmoja kama ilivyo kwenye mpira wa kikapu wa Marekani, na mchezaji akapewa mshahara wa kuanzia dola 30,000 kwa mwaka. Kila timu ilikuwa na watu kumi: watano wa Counter-Strike, mmoja wa FIFA, wawili wa mbio za magari, na wawili wa gemu ya kupigana, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Gemu yenyewe haikuwa Street Fighter wala Tekken. Ilikuwa Dead or Alive 4.

Mbona hiyo? Ukiuliza mashabiki wa kupigana wa enzi hizo, wengi walikuwa kwenye Street Fighter, Tekken na Marvel vs. Capcom. Dead or Alive ilikuwa gemu ya kupendeza macho kwenye Xbox 360, rahisi kwa mtu ambaye hajawahi kushika padi kuelewa nani anapigwa. Yaani ilichaguliwa kwa ajili ya anayetazama, si anayecheza. Na matokeo ya gemu zote yalijumlishwa kuwa alama za timu moja. Hebu fikiria: umefanya mazoezi miezi mingi, umempiga mpinzani wako vizuri kabisa, halafu unapoteza kwa sababu wenzako watano wa bunduki walilala. Katika gemu ambayo raha yake yote ni kwamba kosa ni lako na ushindi ni wako!

Chicago Chimera walichukua ubingwa wa kwanza na dola 500,000. Msimu wa pili ukachezwa, halafu Novemba 2008, uchumi ukiwa umedorora, ligi ikafungwa. Wachezaji wakabaki na majina ya timu ambazo hazipo.

Lakini ona tarehe. Februari 2009, miezi mitatu tu baadaye, Street Fighter IV ikafika kwenye konsoli. Evo ya mwaka huo ikapata washiriki zaidi ya elfu moja kwa gemu hiyo peke yake, watu waliolipa nauli na ada zao wenyewe. Walewale Daigo na Wong wakakutana fainali, na Daigo akashinda. Ligi ya mamilioni ilikufa mlangoni mwa kipindi ambacho gemu za kupigana zilifufuka. Kama gemu hizi zingekuwa haziwezi kuvuta umati, 2009 ingekuwa kimya.

Kwa hivyo mimi sikubali kwamba gemu ya kupigana haifai ushindani wa kulipwa. Kwa mtazamaji ni rahisi kuliko karibu kila gemu nyingine: watu wawili, mistari miwili ya uhai juu ya skrini, ukiisha umeisha. Mama yangu anaweza kufuata Tekken, Counter-Strike hawezi. Tatizo liko kwenye umbo la ligi yenyewe. Ligi inauza viti. Overwatch League ilipoanza 2018, kiti kimoja kiliripotiwa kuuzwa dola milioni 20, na kufikia 2023 ligi yote ilikuwa imekwisha. Ukishauza kiti kwa bei hiyo huwezi kumwambia mwenye kiti kwamba kesho kijana asiyejulikana atakuja kumtoa mchezaji wake kwa mechi mbili. Lazima ufunge mlango. Na gemu hizi zilizaliwa mlango ukiwa wazi.

Kuna ligi moja ambayo imenifanya nipunguze sauti. Mwaka 2019 Capcom walianzisha Street Fighter League, Marekani na Japani, na ile ya Japani imeshika kweli. Ni timu za kampuni, lakini wameheshimu gemu. Mechi ya timu ni mapambano ya mmoja kwa mmoja, na la mwisho, la nahodha, lina alama mara mbili. Timu ya ugenini inataja kwanza nani atacheza na wahusika gani, halafu ya nyumbani inapanga jibu lake. Huo ni utamu halisi wa timu, kama kocha anayesoma kikosi cha mpinzani kabla ya kutaja chake. Zaidi ya hayo, hao wachezaji bado wanaenda Evo na kulala na mapema kama mtu yeyote. Ligi imewekwa juu ya mashindano ya wazi, haikuchukua nafasi yao.

Halafu kuna suala la mwenye mpira. Mnajua lile la utotoni: mwenye mpira akikasirika, anauchukua na mechi imeisha. Soka haina mwenye mpira. Gemu inaye. Mwaka 2013 mashabiki wa Super Smash Bros. Melee, gemu ya 2001, walichanga zaidi ya dola 94,000 za utafiti wa saratani ya matiti ili gemu yao ichaguliwe Evo. Wakashinda kura. Siku chache kabla ya shindano, Nintendo wakataka isirushwe mtandaoni. Mashabiki wakapiga kelele na uamuzi ukabadilishwa siku hiyohiyo, lakini somo lilibaki. Mwishoni mwa 2022, mashindano ya Smash World Tour yakasimamishwa baada ya waandaaji kusema Nintendo hawatawapa leseni. Mtu anayetaka kujenga ligi ya miaka kumi juu ya gemu moja ya kampuni moja afikirie hiyo hadithi kabla ya kununua jezi.

Na sababu kubwa kwangu ni Lahore. Februari 2019, Arslan Ash, Mpakistani ambaye wengi hawakumjua, alifika Fukuoka kwa Evo Japan na kushinda Tekken 7. Agosti akashinda Evo yenyewe Las Vegas, fainali akimpiga Knee wa Korea Kusini, mmoja wa magwiji wakubwa wa gemu hii. Katikati ya hayo alisema jambo watu walidhani ni majivuno: kwamba nyumbani kuna wengine wakali kama yeye. Knee akafunga safari hadi Pakistan kuona, na akakula vichapo kutoka kwa watu ambao dunia haikuwa imewasikia. Mmoja wa kizazi hicho, Atif Butt, akaja kuwa bingwa wa fainali za Tekken World Tour Amsterdam mwanzoni mwa 2023. Niambie ligi gani ya viti vya kununua ingemwalika kijana wa Lahore mwaka 2018. Hakuna skauti aliyekuwa anaangalia huko.

Hata hapa kwetu, Sylvia Gathoni, ambaye mashabiki wanamjua kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani ya UYU mwaka 2018 kwa ajili ya Tekken. Na mwaka 2019 Tekken World Tour ilianza kukubali mashindano madogo yanayoandaliwa na mashabiki wenyewe, yaliyoitwa Dojo, yatoe alama za dunia. Ukiwa na skrini, washiriki na mpangilio mzuri, ushindi wa ukumbi mdogo ulihesabika kwenye jedwali moja na ule wa miji mikubwa. Kwangu huo ndio uvumbuzi mkubwa kuliko ligi yoyote.

Kwa hivyo nikisikia mtu anataka kuzindua ligi ya Tekken Nairobi yenye timu nane za mwaliko, mimi humuuliza msichana wa Kayole ambaye hakuna anayemjua ataingilia wapi. Akiniambia "msimu ujao", najua ataishia kama wale wa 2008. Akiniambia kuna shindano la wazi kila mwezi, ada ya watu wa kawaida, na washindi wanapanda kukutana na timu, basi anitumie tarehe. Nitabeba padi yangu, na kama nitapigwa mara mbili kabla ya saa sita, nitakaa nyuma nirekodi wengine.