Kumbi za tamthilia na muziki jijini Tokyo

MGENI anayezuru Tokyo, mji mkuu wa Japani, si lazima ajue Kijapani ndipo afaidi sanaa ya jukwaani. Muhimu ni kujua ukumbi upi unafaa na taratibu zake.

KABUKI

Ukumbi mashuhuri zaidi ni Kabuki-za, mtaani Ginza, juu ya kituo cha treni cha Higashi-Ginza. Ulifunguliwa mwaka 1889, ukateketea mwaka 1921, ukakumbwa na tetemeko la mwaka 1923 ulipokuwa ukijengwa upya, kisha ukaharibiwa kwa mabomu mwaka 1945. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2013.

Kabuki huchanganya uigizaji, muziki na densi. Mwasisi wake alikuwa mwanamke, Okuni, mwanzoni mwa karne ya 17. Hata hivyo, watawala waliwapiga wanawake marufuku jukwaani mwaka 1629, na hadi leo wahusika wa kike huigizwa na wanaume. Onyesho huweza kuchukua takriban saa nne. Asiye na muda au fedha nyingi hununua tiketi ya sehemu moja tu ya onyesho na kuketi orofa ya nne. Akisikia mtu akipaza sauti, asishangae: mashabiki wazoefu hutaja jina la ukoo wa kisanaa wa mwigizaji ili kumtia shime.

NOH NA BUNRAKU

Noh, mchezo wa vinyago ulio mkongwe kuliko kabuki, huonyeshwa katika Ukumbi wa Taifa wa Noh, Sendagaya, uliofunguliwa mwaka 1983. Viti vina skrini ndogo zenye maelezo ya Kiingereza.

Bunraku, mchezo wa vikaragosi, umepata pigo. Makao yake jijini, Ukumbi wa Taifa wa mwaka 1966, yalifungwa Oktoba 2023 ili yajengwe upya, ilhali zabuni za mwaka 2022 na 2023 zilikosa mkandarasi. Maonyesho yalihamishiwa kumbi nyingine. Sanaa hizi hurithishwa kwa mwanafunzi kumtazama mwalimu wake jukwaani. Jukwaa likikosekana, urithi huo hutetereka. Kwa hivyo, mgeni athibitishe mahali pa onyesho kabla ya kufunga safari.

MUZIKI

Wapenzi wa muziki wa okestra huenda Suntory Hall, ukumbi wa mwaka 1986 wenye viti 2,006 vinavyolizunguka jukwaa. Nippon Budokan ulijengwa kwa mashindano ya judo ya Olimpiki ya mwaka 1964. Kundi la Beatles lilipotumbuiza humo mwaka 1966, baadhi ya wenyeji walipinga, wakidai ukumbi wa michezo ya kujihami unanajisiwa. Leo ni fahari ya mwanamuziki yeyote kuujaza.

Kwa jazi, Shinjuku Pit Inn imekuwepo tangu mwaka 1965, nayo Blue Note Tokyo tangu 1988. Mtaa wa Shimokitazawa nao una vilabu vidogo vya roki ambamo, mbali na kiingilio, aghalabu mteja hulazimika kununua kinywaji kimoja.

TAHADHARI

Maonyesho ya jioni huanza mapema, kwa kawaida kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Kupiga picha wakati wa onyesho kwa kawaida hakuruhusiwi, na bakshishi si desturi. Treni nyingi hukoma karibu saa sita usiku. Atakayechelewa atalipa teksi ghali.