Uswidi, Bigwa na Kompyuta ya Kiswahili

Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa, chini ya Milima ya Uluguru, ni kimojawapo cha vyuo vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa mfano wa Uswidi, nchi iliyokuja kufadhili pia Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Watafsiri wa programu hiyo hawakugusa msimbo wake, ulioandikwa kwa lugha ya C++. Walishughulikia kiolesura, yaani menyu na vitufe vionekanavyo, ambako "hifadhi" ni neno refu kuliko "save" la Kiingereza, lenye herufi nne.