Mlima Elgon, Rangi na Roho: Rada Kamili ya Kuchora Mandhari Kitale na Bungoma

Ukitoka Kitale ukipitia Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye, kuna kitu kinakufuata upande wa kulia: Mlima Elgon. Wasee wengi wanaupiga picha na simu, wanapost, wanasonga. Lakini kama unashika brashi, ama una beshte anachora, kuna stori hapa unafaa kuijua. Huku kwetu, mazingira na mambo ya roho vilichanganyika kitambo sana.

Kwa nini huu si mlima tu?

Wabukusu na Wagisu wanauita Masaba. Miaka ya 1940, Elijah Masinde, mzaliwa wa Maeni karibu na Kimilili, aliongoza Dini ya Msambwa, na waumini wake walikuwa wanaomba wakiangalia huo mlima. Wakati huo huo alikuwa anawaambia masetla waachie watu ardhi yao. Mkoloni akaipiga dini hiyo marufuku 1948.

Cheki hapo vizuri. Kwa hao watu, shamba na maombi havikuwa vitu viwili. Kwa hivyo ukichora Elgon, usidhani unachora tu kitu cha kupendeza ukuta wa sebule. Unachora mahali watu walielekeza macho wakiongea na Mungu.

Nani alianza kuchora huku?

Hawakuacha majina, waliacha kazi. Nenda Kakapel, kwenye vilima vya Chelelemuk, kaunti ya Busia, si mbali na mpaka wa Bungoma. Kuna mwamba mkubwa wa graniti umejikunja kama paa, na chini yake kuna michoro nyekundu na nyeupe: maduara, mistari, wanyama. Haikuchorwa siku moja. Vizazi tofauti vilikuja, kila kimoja kikaongeza yake juu ya ya wale wa kwanza.

Na hapo watu waliishi kabisa. Mwaka wa 2024 watafiti walichapisha matokeo ya kuchimba hapo Kakapel, na kati ya vitu walivyopata ni kunde ya miaka kama 2,300 iliyopita. Yaani watu walikuwa wanakula kunde chini ya huo mwamba kabla ya Yesu kuzaliwa.

Ukivuka Uganda, kule Nyero wilaya ya Kumi, utapata maduara mekundu ya aina hiyo hiyo. Wenyeji walikuwa wanaenda hapo kuomba mvua na watoto. Si mapambo hayo, ni maombi yenye rangi.

Na kama wewe ni mtu wa kanisa?

Hapa ndipo vijana wengi hukwama. Nyumbani unaambiwa mambo ya mlima na mababu ni giza, so unaishia kuchora theluji na nyumba za Ulaya ulizoona kwa kalenda.

Msikize Elimo Njau. Alizaliwa 1932 Marangu, chini ya Kilimanjaro, akasomea sanaa Makerere. Mwaka wa 1959 alichora picha tano kubwa kwenye kuta za kanisa la Kianglikana Murang'a. Ni maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa mpaka msalabani, lakini watu ni Waafrika na vilima ni vya hapo hapo Murang'a. Hakuacha imani yake, na pia hakuacha ardhi. Baadaye, 1965, akawa kati ya waanzilishi wa Paa ya Paa, Nairobi. Moto uliteketeza hiyo nyumba ya sanaa 1997, na bado ikainuliwa tena. Msimamo wake unajulikana: kuiga kunamlaza Mungu.

Hiyo ndiyo pointi yote. Hakuna mtu amekulazimisha uchague kati ya kanisa na mlima.

Unaanzaje bila doo mingi?

- Amka mapema. Elgon huonekana fiti asubuhi. Ikifika mchana, mara nyingi mawingu yashaufunika.
- Anzia Kitale Museum. Mkusanyiko wake ulianza 1926, na nyuma kuna msitu wa kienyeji wenye njia ya kutembea. Kaa hapo na penseli, chora mti mmoja mpaka uuelewe.
- Fika Saiwa Swamp. Ni mbuga ndogo sana karibu na Kitale, makao ya nzohe, yule swala wa majini. Hapo utajifunza kuchora ukungu na maji.
- Tumia udongo. Nyekundu ya michoro ya kale ilitoka kwa mawe na udongo wenye chuma. Saga laini, changanya na gundi nyeupe, jaribu kwa karatasi ngumu.
- Uliza wazee. Kabla uchore kilima ama mti, jua jina lake na kilichokuwa kinafanyika hapo. Picha itabadilika, utaona.

Kitu kimoja usifanye

Ukienda Kakapel, usiguse michoro, usiimwagie maji ndio picha ya simu itoke poa, na usikwaruze jina lako wala la dem wako. Kanvasi ikiharibika unanunua nyingine. Huo mwamba hauna nakala, na mchoro uliotoka juzi kwa kucha ya mtu ulikuwa umevumilia jua na mvua za miaka na miaka.

Wale wa kwanza walifanya kazi yao na udongo tu. Wewe una penseli, una simu, na mlima bado uko hapo.