Huduma za Kibingwa Nchini Kenya: Ushirikiano wa Serikali Kuu na Kaunti

Huduma za kibingwa ni zile zihitajizo tabibu aliyebobea katika fani mahsusi pamoja na ala zake, mathalani kusafisha damu ya wenye maradhi ya figo, kutibu saratani kwa mionzi na kuwauguza mahututi. Nchini Kenya tadbiri yake imo mikononi mwa wawili, kwa kuwa Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliiachia serikali kuu sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa, ikazikabidhi kaunti 47 hospitali na zahanati zao.

Jaribio kubwa la kuzikutanisha ngazi hizo lilikuja mwaka 2015, serikali kuu ilipofunga mikataba ya miaka 7 ya kukodi mashine za eksirei, za kusafishia damu, za upasuaji na za vyumba vya mahututi, zisimikwe katika hospitali za kaunti. Manufaa yake hayakanushiki: mgonjwa wa figo, ambaye aghalabu hana budi kusafishwa damu mara 2 au 3 kwa juma, alipunguziwa safari ya Nairobi au Eldoret, ambayo kwa fukara ilikuwa sawa na kunyimwa tiba.

Lakini shauri lilikatwa juu kabla ya walio chini kuulizwa. Magavana walilalama kwamba waliitwa kutia sahihi tu; malipo yakakadiriwa kwa kiwango kimoja, Lamu isiyofikia watu 150,000 katika sensa ya 2019 ikihesabiwa sawa na Nairobi ya zaidi ya milioni 4; na kamati maalumu ya Seneti, katika taarifa yake ya 2020, ikaeleza mashine zilizokaa bila kazi kwa kukosa mabingwa au umeme. Na yaliyokosekana ndiyo hasa kaunti ingaliyasema mapema, kwani kumsafisha mgonjwa mmoja damu kwa muda wa saa 4 hutumia kiasi cha lita 120 za maji yaliyochujwa barabara, na muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo asiondoke karibu. Na maji, umeme na muuguzi ni mambo ya mwenye hospitali, si ya mwenye mkataba.

Vituo vya saratani vya Mombasa, Nakuru na Garissa, vilivyofuata, vimekaribia zaidi uadilifu, maana hospitali ya kaunti moja huwahudumia majirani kadhaa. Ila sharti kaunti hizo ziafikiane, serikali kuu ikiwa mwamuzi, nani agharimie tiba ya mgonjwa atokaye Tana River akalazwa Mombasa.