Fimbo ya jirani ilivyohamia ofisini

Oktoba 2019 Albert Chalamila, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, alikwenda Shule ya Sekondari ya Kiwanja, wilayani Chunya, ambako mabweni yalikuwa yameungua na baadhi ya wanafunzi walikuwa wamekutwa na simu. Akawachapa viboko vijana 14 kwa mkono wake mwenyewe, na video ikasambaa mitandaoni. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinamtaja mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Hata hivyo Rais John Magufuli alimpongeza hadharani. Mitaani nako wengi walimuunga mkono kwa hoja ile ile: zamani mtoto alikuwa wa wote, mtu mzima yeyote akimkuta anapotoka alimchapa, na akifika kwao anaongezwa nyingine.

Hoja hiyo ni kweli, ila lile neno "yeyote" limeongezwa na wasimuliaji.

Waulize waliokulia Tanga, Ujiji au Songea miaka ya 1960 na 1970. Mama anamkuta mtoto anarusha mawe kwenye mwembe wa watu. Anavunja kijiti cha mwarobaini, anapukutisha majani, lakini kabla hajainua mkono anauliza: "Wewe mtoto wa nani?" Jibu ndilo lililoamua. Akitajiwa nyumba anayoijua, zinashuka mbili za miguuni, na jioni akitoka bombani anapitia kwao: "Mama Salehe, hodi. Mwanao leo nimemtia adabu, nimemkuta anapopoa embe za mzee." Mama Salehe atashukuru, "Ahsante dada, umenisaidia," hata kama moyoni kachukia. Akitajiwa nyumba waliyonuniana nayo, kijiti kinatupwa. Kumgusa mtoto wa hasimu kulikuwa kutangaza vita, na mtoto huyo akishikwa na homa usiku, kukicha maneno ya uchawi yako mlangoni.

Mgeni, basi, hakuwa na fimbo. Mwanamume asiyejulikana kwao ndiyo kabisa. Hata ndani ya ukoo kulikuwa na mipaka: mambo ya wasichana yalikuwa ya somo au kungwi, na kwa bibi ndiko mtoto alikokimbilia akifukuzwa na babake. Pwani, mwalimu wa chuo cha Kurani alimpiga mwanafunzi kwa sababu baba alikuwa amemshika mtoto mkono akaja naye mwenyewe kumkabidhi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika habari za malezi ya Waswahili tangu kuzaliwa mpaka chuoni katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, anaonyesha jamii ambayo kila hatua ya mtoto ina mtu wake anayejulikana.

Wajerumani, waliokuwa wakitawala wakati huo, walikuwa wameleta hamsa ishirini, viboko 25 vya ngozi ya kiboko, mtu mzima akilazwa kifudifudi mbele ya wanawe. Sijui kama kuna somo la nidhamu lililoingia vichwani mwa watoto wale zaidi ya hilo.

Waingereza walikuja na sheria, na sheria hiyo ilikuwa na historia yake. Mwaka 1860, mjini Eastbourne, Uingereza, mwalimu Thomas Hopley alimwandikia baba wa mwanafunzi wake wa miaka 15 akiomba ruhusa ya kumwadhibu vikali. Baba akajibu kwa barua akikubali. Hopley akampiga kijana huyo usiku, kwa muda wa saa mbili hivi, kwa fimbo na kamba ya kuruka, hadi akafa. Alifungwa miaka minne. Lakini Jaji Mkuu Alexander Cockburn, katika kesi hiyo hiyo, alieleza kwamba mzazi, au mwalimu aliyekabidhiwa mamlaka ya mzazi, anaruhusiwa kutoa adhabu ya wastani. Sheria ya watoto ya Uingereza ya 1933 ikalinda haki ya kuadhibu ya mzazi na ya mtu mwingine mwenye mamlaka halali juu ya mtoto, na fikra hiyo ikaenea makoloni. Kenya ilikuwa bado nayo katika Sheria ya Watoto ya 2001, mwaka ule ule ilipopiga marufuku viboko shuleni. Katiba ya 2010 ndiyo iliyokuja kukataza adhabu ya viboko moja kwa moja.

Katika mpangilio huo mama wa mwarobaini hana nafasi. Hakukabidhiwa mtoto na mtu, hana barua ya baba. Mwalimu anayo kanuni, tangu za 1979, na mwalimu kijana aliyefika wiki iliyopita kutoka mkoa mwingine anaweza kumchapa mtoto ambaye hajui hata kwao wapi, mradi mkuu wa shule amemruhusu kwa maandishi.

Kwa muda jirani alibaki na kinga moja. Chini ya chama cha TANU, balozi wa nyumba kumi alikaa na wagomvi barazani kwake, na kesi ya "fulani kampiga mwanangu" iliishia hapo. Swali zito halikuwa kwa nini umempiga, bali kwa nini hukuja kusema. Kwangu mimi desturi hiyo ya kwenda kusema ndiyo iliyofaa kuhifadhiwa, na ndiyo iliyotutoka. Kijiti kiende, sikililii. Lakini leo mtu anawaona watoto wanampiga mlemavu mawe na anafunga kioo cha gari, kwa kuogopa kuulizwa na mama mwenye mtoto: "Umemzaa wewe?"

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 haikufuta adhabu. Kifungu cha 13 kinasema tu isipite kiasi kwa umri na hali ya mtoto. Jirani naye imemkumbuka, katika kifungu cha 95: akiwa na taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi anayeweza kumtunza amekataa, ni wajibu wake kutoa taarifa serikali za mitaa. Safari ya jioni kwenda kusema imerudi, ila sasa jirani haendi kwa Mama Salehe; anakwenda kumsema Mama Salehe.