Kivuli cha Lwanda Magere na Wachonga Picha wa London

Pale Katito, magharibi mwa Kenya, barabara ya Kendu Bay inapoiacha ile inayotoka Ahero, msafiri yuko kati ya hadithi mbili. Nyuma yake ni tambarare za Kano, nchi ya Lwanda Magere, shujaa ambaye mkuki haukumdhuru kwa kuwa uhai wake ulikaa kivulini. Mbele ni Simbi Nyaima, ziwa lililomeza kijiji kilichomfukuza bibi kizee. Nyimbo na masimulizi yamezibeba hadithi hizi tangu zamani. Picha ndizo zilizochelewa.

Uingereza ya Malkia Victoria ilikuwa na mafundi wa kazi hiyo hasa, ya kutia picha mashairi ya mazimwi. Mchoraji alichora kinyume juu ya kipande cha mti mgumu. Mchongaji akachimbua penye weupe, akaacha mistari imeinuka, ikapata wino mmoja na herufi za shairi. Mwaka 1862 Dante Gabriel Rossetti alimchorea dada yake Christina picha za Goblin Market. Mwaka 1871 ndugu wa Dalziel walichonga dubwana la Jabberwocky alilolichora John Tenniel. Lilitisha kiasi kwamba Lewis Carroll, mtunzi wa shairi hilo, aliwauliza akina mama kama linafaa kufungulia kitabu, kisha akalihamishia ndani. Na mwaka 1876, Henry Holiday alipomchorea shairi la The Hunting of the Snark, Carroll aliikataa picha ya Boojum: kiumbe hicho kisiwe na sura. Uamuzi huo nauheshimu kuliko michoro mingi mizuri.

Upigaji picha uliwanyang'anya wachongaji riziki. Kampuni ya Dalziel ilifilisika mwaka 1893, na kumbukumbu zao zikachapishwa 1901, mwaka uleule reli ilipofika Kisumu. Ufundi wenyewe haukupanda treni, vilikuja vitabu. Mwaka 1940 Elisi, msichana wa vitabu vya Carroll, alitoka kwa Kiswahili, amechorwa msichana wa Kiafrika.

Kisha yakaja ya kwetu. Mwaka 1966 Frank Horley alitia michoro Song of Lawino ya mshairi wa Uganda, Okot p'Bitek, ambaye baadaye alifanya kazi Kisumu. Miaka ya 1980 Asenath Bole Odaga alichapisha masimulizi ya Waluo mjini humo humo, na mfululizo wa Pichadithi, chini ya Terry Hirst, ukamfanya Lwanda Magere kitabu cha katuni.

Lakini Lwanda ni mgumu kuliko dubwana la Tenniel. Dubwana lina meno na kucha. Kivuli hakina kitu, nacho ndicho kinachopaswa kuvuja damu. Kikikolezwa wino kinakuwa shimo, kikififishwa hakuna atakayeamini kwamba kinauma. Mimi ningemwomba mchoraji amweke mke wa Lwanda aliyetoka kwa Wanandi, aliyeigundua siri ya kivuli, ameinama na wembe juu ya kivuli chote, na mwili wa mumewe asiuchore kabisa.