Kemshafti na Tamaa

Kila nifungapo gia ya kemshafti, hulinganisha alama zake mara tatu, kwani jino moja likikosewa, valvu zaweza kugonga pistoni. Nikiwa katika kazi hiyo humkumbuka Ed Iskenderian wa California. Aliporudi kutoka Vita Kuu ya Pili, alitaka kemshafti ya kuliongezea kasi gari lake lenye injini ya Ford V8. Mafundi walikuwa wachache na foleni ndefu. Basi akajitengenezea mashine ya kuzisaga, na mwaka 1946 akaanza kuwasagia wenzake.

Lakini chuma hakidanganyiki. Injini ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja. Vinundu vyake vikiwa virefu na vipana, valvu hufunguka zaidi na kwa muda mrefu. Injini hupata nguvu katika mwendo wa kasi, ila katika mwendo wa polepole hutetemeka na kulegea. Gia ya kurekebishwa huisogeza nguvu hiyo juu au chini tu.

Kijana akiniomba kemshafti kali kuliko zote, humwuliza: utaliendesha wapi? Mtaka yote hukosa yote.